Ngitili: Malisho Yafungwayo kwa Mapatano ya Majirani

Mkulima mwenye ng'ombe wanane na eka saba za ardhi kavu ana adui amjiaye kila mwaka kwa siku zake, naye ni kiangazi. Mwezi wa Mei mvua husimama. Juni na Julai mifugo hula mabua ya mtama na mahindi yaliyobaki shambani. Hata ifikapo Septemba hakuna tena kitu juu ya ardhi ila vumbi. Ng'ombe wa maziwa hukauka viwele, maksai wa kukokota plau hukonda, na mvua za kwanza za Novemba huwakuta hawana nguvu ya kulima. Basi aliyechelewa kulima huchelewa kupanda, na aliyechelewa kupanda huvuna kidogo. Hivyo njaa ya ng'ombe haikawii kuwa njaa ya watu.

Wasukuma wa Shinyanga, katika Tanzania, walikuwa na dawa ya shida hii tangu zamani, nayo huitwa ngitili. Ni sehemu ya ardhi ifungwayo mvua zinapoanza, mifugo isiingie humo kabisa, ili majani yakue na kusimama mpaka yakauke yakiwa bado na mashina yake. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, malisho mengine yote yakiisha. Ndama, ng'ombe wanyonyeshao na maksai wa kulimia huingizwa kwanza. Wamasai nao wana desturi kama hii, wakiiita alalili. Nalitaja hili ili msomaji wa nchi nyingine kavu asidhani kuwa habari hii ni ya kabila moja tu. Mahali penye mvua ya milimita 600 hata 900 kwa mwaka na kiangazi cha miezi sita, maarifa haya yaweza kutumika.

Walakini yafaa tujue jinsi desturi hii ilivyokaribia kufa, maana ndani ya habari hiyo mna somo la kazi yetu.

Zamani Shinyanga ilikuwa na vichaka vingi na miti ya miiba. Katika vichaka vile walikaa mbung'o, nao waliwaua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana na kuwatia watu malale. Kuanzia miaka ya 1920 watu walikusanywa kwa maelfu, wakafyeka vichaka kwa mashoka na kuvichoma. Bwana Charles Swynnerton, aliyesimamia uchunguzi wa mbung'o katika Tanganyika hata alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, aliyaweka makao ya kazi yake hapo hapo Shinyanga. Kazi ile ilifanikiwa: mbung'o walirudi nyuma na ng'ombe waliongezeka. Lakini miti haikurudi. Mahali pa vichaka palilimwa pamba, ng'ombe walizidi, kuni zikazidi kutakiwa, na kila mwaka mvua ilichukua udongo wa juu na kuupeleka mitoni.

Mwaka 1947 Serikali ya wakoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma. Ndani yake zilikuwamo shauri nyingi njema: kulima matuta ya kuzuia maji, kupunguza ng'ombe, kutolima kandokando ya mito. Lakini shauri hizo zililetwa kwa namna ya amri, na asiyezifuata alitozwa faini. Watu hawakuzichukia kwa kuwa zote zilikuwa mbaya. Walizichukia kwa kuwa hazikuwa zao. Kabla ya uhuru wa mwaka 1961 nyingi za amri hizo zilikuwa zimekwisha kuachwa. Sisi mabwana shamba tumezoea kusema kwamba mkulima ni mgumu wa kusikia. Mara nyingi asiyesikia ni yule anayesema peke yake barazani.

Baadaye, katika miaka ya 1970, watu walihamishwa kwenda kukaa katika vijiji vya pamoja. Ngitili za zamani zilibaki mbali na nyumba, bila mlinzi wala mwenyewe, zikaliwa na kila mpita njia. Watu walipofika katika makao mapya walikuta ardhi isiyo na mpaka wala mapatano. Hata miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa wazi kama uwanja. Mwanamke alitoka alfajiri kwenda kutafuta kuni, akarudi jua limepinda; na mahali pengi samadi, iliyopaswa kwenda shambani, ilichomwa jikoni.

Mwaka 1986 Serikali ya Tanzania, ikisaidiwa na Norwe, ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa katika vitalu vya miche. Miche mingi ilipandwa, mingi ikafa kwa ukame na kwa meno ya mbuzi. Ndipo wataalamu walipokaa na wazee, wakawauliza wao wenyewe walikuwa wakifanyaje zamani. Jibu lilikuwa ngitili. Katika ardhi ile iliyoonekana kufa, mizizi ya migunga na mipingo ilikuwa ingali hai chini ya udongo. Kila mwaka ilitoa machipukizi na kila mwaka machipukizi yaliliwa. Haikuhitaji kupandwa. Ilihitaji kuachwa.

Katika mwaka ule 1986 ngitili zilizojulikana hazikupita hekta 600 hivi. Kazi ya HASHI ilipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea zaidi ya hekta 300,000 katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao mwaka 2012 ulipunguzwa, sehemu zake nyingine zikawa katika mikoa ya Simiyu na Geita. Hakuna askari wala mishahara ingaliyoweza kufunga ardhi kubwa hivyo. Waliifunga wenyeji, kila kijiji kwa mkutano wake na kila jamaa katika shamba lake.

Msomaji atauliza, mapatano hayo yalishikwaje? Yalishikwa kwa vyombo ambavyo watu walikuwa wakiviheshimu tangu mbele. Wasukuma wana baraza kubwa liitwalo dagashida, ambapo wazee na watu wote hukutana na kuweka sheria za desturi. Tena wana sungusungu, walinzi wa kijiji waliojiunga wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia wizi wa ng'ombe. Vyombo hivyo viwili vilipopokea habari ya ngitili, mchungaji aliyeingiza ng'ombe kabla ya siku yake hakupelekwa kwa mgeni. Alisimama mbele ya baba zake na wajomba zake, akatozwa faini mbele yao. Baadaye vijiji vingi viliandika mapatano yao kuwa sheria ndogo, zikathibitishwa wilayani, ili hata mtu wa mbali asiyeijua dagashida apate kushikwa nazo. Mambo yote mawili yatakiwa. Karatasi ya wilaya pasipo wazee hukaa sandukuni, na maneno ya wazee pasipo karatasi hushindwa na mwenye ng'ombe mia tano atokaye wilaya nyingine.

Sasa nitasema juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa nimeona wengi wakifunga ardhi kwa bidii na kuifungua kwa ujinga.

Chagua mahali ambapo kweli waweza kupalinda. Ngitili ya mtu mmoja haihitaji kuwa kubwa. Nyingi za Shinyanga hazizidi sana hekta mbili. Afadhali eka tatu karibu na nyumba kuliko eka ishirini nyuma ya kilima. Mahali penye mteremko na pale maji yanapoanza kuchimba makorongo pafaa sana, maana hapo hapafai kulimwa. Lakini usifunge njia ya ng'ombe ya kwenda majini. Ugomvi mwingi wa ngitili hauanzi kwa majani. Huanzia katika njia.

Weka mpaka uonekanao. Minyaa na katani ni mipaka ya bei rahisi, nazo hazilali hata kiangazi. Mwambie jirani kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mtembee pamoja pembe zote nne, na awepo mzee mmoja wa kuwashuhudia. Mpaka uliotembewa na watu wawili hauhami kwa urahisi.

Funga tangu mvua za kwanza. Hapa ndipo wengi huharibu. Huona majani mabichi ya Desemba, huwahurumia ng'ombe waliotoka katika njaa, husema, "Siku mbili tatu tu." Lakini jani la Desemba ndilo linalojenga mzizi. Likiliwa wakati ule, mmea hutumia akiba yake kuota tena, na akiba ikiisha mmea hufa, na mahali pake huota magugu yasiyoliwa. Katika majuma yale ng'ombe na wale katika malisho ya wazi, ambayo nayo yameanza kuota.

Kabla ya mwezi wa Juni palilia kanda tupu kuzunguka ngitili yote, upana wa hatua sita au saba, ili moto wa jirani usiingie. Majani makavu yaliyolindwa miezi minane huteketea kabla ya chakula cha mchana. Nimeona hilo likitokea kwa sababu ya mrina asali mmoja na kijinga chake cha moto.

Ukifungua, usifungue yote. Gawa sehemu tatu au nne, ukazilishe moja baada ya moja. Waingize kwanza wale ambao uhai wa nyumba umo ndani yao: maksai, ndama, ng'ombe wa maziwa. Majani yakibaki kimo cha vidole vinne, toka hapo uende sehemu nyingine. Shina lililobaki huvunja nguvu ya tone la mvua, hushika udongo, nalo ndilo la kuotea mwakani. Maganda ya mgunga yakianguka usiyazoe yote. Ng'ombe na mbuzi huyala, na mbegu hupita tumboni na kutawanywa pamoja na samadi. Huyo mpanzi hadai ujira.

Kwa habari ya miti, kata matawi, usikate shina. Kisiki chenye machipukizi mengi kipunguziwe, yabaki mawili au matatu yaliyonyooka. Baada ya miaka michache utapata nguzo nzuri. Mbuzi na wazuiwe kabisa miaka mitatu ya kwanza. Ng'ombe hula nyasi na kuacha mti. Mbuzi hupenda chipukizi la mti kuliko kitu kingine chochote. Mtu aliyefunga ngitili akaacha mbuzi ndani hakufunga kitu.

Faida yake imehesabiwa. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba vitu vitokavyo katika ngitili, yaani malisho, kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, asali, matunda na mboga za porini, vilikuwa na thamani ya kama dola 14 za Kimarekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Na matumizi ya mtu wa kijijini wakati ule yalikuwa kama dola 8 na nusu kwa mwezi. Safari za kuni na maji zilifupika, na jambo hilo wanawake walilitaja kuliko fedha. Vijiji vingine viliuza mazao ya ngitili ya jumuiya vikajenga madarasa.

Lakini pamoja na majani na miti walirudi wanyama. Walionekana tena sungura, nguruwe wa porini, paa na jamaa zao, na fisi. Ndege walihesabiwa aina zaidi ya 100. Msafiri aliyeijua Shinyanga ya 1985 angefurahi sana kumwona paa akivuka njia asubuhi. Mkulima wa kunde hafurahi kwa kiasi hicho hicho.

Paa mdogo hula usiku na alfajiri. Hupenda majani ya kunde, matembele na karanga changa. Hukata ncha za mmea, akaenda mmea mwingine, hata asubuhi utadhani mtu amepita na kisu. Nguruwe ni mbaya kuliko yeye, maana huchimba viazi na karanga na mihogo, naye huharibu zaidi ya anavyokula. Mama aliyetumaini kupata magunia mawili ya michembe ya kuwekea kiangazi hukuta matuta yamefumuliwa katika usiku mmoja. Hesabu ya mkoa yaonyesha ya kuwa faida ya ngitili yaipita mbali hasara hii. Ni kweli, lakini hesabu ya mkoa haijui mama yule ni nani. Yeye analima kando ya ngitili, hana ng'ombe hata mmoja, na majani yaliyowaleta nguruwe yataliwa na ng'ombe wa mtu mwingine.

Hapo ndipo mapatano mengi yana udhaifu. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji 172 ulikuta ngitili zaidi ya 18,000, na katika hizo 284 tu zilikuwa za jumuiya. Nyingine zote ni za watu na jamaa zao. Mwenye ardhi nyingi na ng'ombe wengi hufunga ngitili kubwa na kupata faida kubwa. Asiye na ng'ombe hupoteza mahali alipokuwa akikata kuni bure, kisha huongezewa nguruwe. Mtu wa namna hiyo hatakuja kuzima moto ngitili ikiungua, wala hatamwambia mtu yeyote anapoona ng'ombe wa mgeni ndani usiku. Simlaumu.

Kwa hiyo nashauri mambo haya yasemwe katika mkutano ule ule wa kufunga, yasiachwe mpaka mtu aumie. Wanaolima mpakani na wapewe haki ya kwanza ya kukata nyasi za kuezekea na kuokota kuni, kwa siku zijulikanazo. Katika ngitili ya jumuiya wasio na mifugo wapewe fungu lao la majani, waliuze kwa wenye ng'ombe wakitaka. Mizinga ya nyuki na itundikwe na wao kwanza. Na zamu za kulinda usiku wakati wa kunde na viazi zisiachiwe wenye mashamba ya mpakani peke yao. Mwenye ngitili naye atoe kijana.

Katika shamba lenyewe yapo ya kufanya. Usipande kunde wala viazi kando ya ngitili. Panda mtama au pamba upande ule, na vile vipendwavyo na paa uviweke karibu na nyumba. Kanda ile tupu ya kuzuia moto iache wazi mwaka mzima, maana paa na sungura hawapendi kuvuka mahali peupe penye mbwa karibu. Ua wa minyaa uliosongamana, wenye matawi ya miiba chini, humzuia paa. Nguruwe hupenya, lakini hupenya mahali pamoja pa siku zote, na hapo ndipo pa kuweka mlinzi na debe.

Mitego ya waya isiwekwe. Kwanza ni kosa: kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda bila kibali kwamfikisha mtu mahakamani, hata kama mnyama alikuwa katika kunde zake. Pili, waya haichagui. Hukamata mbwa wako na ndama wa jirani. Wanyama wakizidi, kijiji na kiandike barua kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, kikitaja siku, mashamba na mazao yaliyoharibiwa. Andikeni mapema, maana barua huenda polepole kuliko nguruwe. Tena mjue ya kuwa fedha za kifuta jasho zimewekwa kwa ajili ya madhara ya wanyama wa hatari, kama tembo na kiboko. Aliyeliwa kunde na paa asizitegemee.

Wengine husema paa ni wazuri, waachwe waongezeke pasipo hesabu. Katika nchi za mbali jambo hilo limeonekana mwisho wake. Huko Marekani kulungu wa mkia mweupe walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1900 walikadiriwa kuwa kama nusu milioni. Walilindwa, nao mbwa-mwitu na puma walikuwa wamekwisha kuuawa mahali pengi, na leo wakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Hula machipukizi yote ya miti michanga, hata kuna misitu yenye miti mizee tu isiyo na mmoja wa kuirithi. Huko nako wenyeji hujitolea: huzungushia wavu miti michanga, huhesabu kulungu, na wawindaji wenye vibali hupunguza idadi yao katika majira yaliyowekwa. Ngitili ni ile ile mbele ya mbuzi, ng'ombe au paa. Haitazami jina la mwenye meno; hutazama ni meno mangapi.

Kwetu hatujafika huko, wala si lazima tufike. Fisi amerudi pamoja na paa, ingawa mwenye kondoo hatanishukuru kwa kusema hivyo. Mwenye kondoo na awalaze ndani ya zizi la miiba lenye mlango wa mbao, si wa tawi lililoegemezwa.

Mkutano wa kufunga ngitili ufanywe mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, wakati kila mtu angali anaona kwa macho yake ng'ombe wanakula nini. Wanawake waitwe nao wakae mbele, kwa kuwa kuni, maji na viazi ni habari zao. Siku ya kufungua iandikwe, na jina la mtu atakayeitangaza. Majina ya wanaolima mpakani yasomwe moja moja, kila mmoja aseme anapanda nini upande ule na atataka kitu gani badala ya kile atakachopoteza. Kazi hiyo huchukua siku nzima, na mara nyingine ya pili.